Kisukari, Hasira na Moyo
(Hotuba kwa wanachama wa reli, Kisumu)

Tumeombwa tuseme machache juu ya kisukari na moyo. Sisi si madaktari, ni watu wa reli, nasi twasema tuliyoyaona na tuliyoyauliza.

Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alikuwa na kisukari, akakificha asije akaondolewa kazini. Alikuwa mkali. Tulisema ndiyo tabia yake, na wengine wetu walimchokoza makusudi wapate kucheka. Usiku mmoja, huku chini karibu na gati, alitokwa na jasho, akasema amechoka na pumzi hazimtoshi. Hakusema kifua chamwuma, basi tukamwambia akae kando apumzike. Kumbe ni moyo. Alifikishwa hospitali alfajiri, wala hakurudi kazini tena.

Daktari alitueleza baadaye. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi huharibu mishipa ya damu, na mishipa ya fahamu pia. Ndiyo maana mwenye kisukari aweza kushikwa na moyo pasipo maumivu. Hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni kama mara mbili ya mtu asiye nacho. Na mtu akiwa na hasira au wasiwasi, mwili hutoa adrenalini na kotizoli, sukari hupanda, presha nayo hupanda. Mara moja si neno. Kila siku, ni neno kubwa.

Je, ni tabia ya mtu? Katika miaka ya 1950 madaktari wawili wa San Francisco, Friedman na Rosenman, walisema watu wa haraka haraka ndio wapatwao na moyo. Uchunguzi wa baadaye haukuwaunga mkono sana, ila hasira na chuki ya kudumu bado hutajwa. Lakini mwaka 1967 Waingereza walianza kuwachunguza watumishi wa serikali huko London. Sisi tungalidhani wakubwa ndio wafao kwa moyo, kwa wingi wa mawazo. Sivyo! Wa chini kabisa walikufa kwa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wa juu. Sigara ilikuwa na sehemu yake, lakini haikueleza yote. Baadaye ilionekana kuwa kukosa sauti katika kazi yako ni jambo zito.

Kwa hiyo twadai orodha ya zamu ibandikwe mapema, na saa ya kula isiguswe. Anayejidunga insulini asipokula hutetemeka, hutoka jasho, huwa mkali. Huyo msigombane naye. Akiwa aweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi. Jasho na pumzi fupi visipokwisha, hospitali mara moja, msingoje asubuhi kama sisi.

Tena Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari, akiisha kufanya kazi miezi miwili, siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka.

Mwenye kisukari anayetaka kusema na mjumbe wa tawi, abaki baada ya mkutano. Majina hayataandikwa ubaoni.