Matumizi Salama ya Dawa za Baipola Inayobadilika Upesi



Leo tunazungumza nanyi juu ya ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mgonjwa katika msisimko uliopita kiasi, kisha humshusha katika sonona. Vipindi hivyo vikifika vinne au zaidi katika miezi 12, madaktari husema kwamba ugonjwa unabadilika upesi.

Twafahamu jinsi jamaa wanavyotaabika, na jinsi wanavyoshawishika kununua dawa kwa kufuata hali ya siku: leo ya usingizi, mwezi ujao ya kuondoa sonona. Tunawasihi msifanye hivyo. Dawa ya sonona ikitumiwa peke yake yaweza kumrusha mgonjwa katika msisimko, au kuharakisha mzunguko wenyewe.

Msingi wa tiba ni dawa za kutuliza hisia, kama vile lithiamu, valproeti, lamotrijini na kwetiapini. Mara nyingi dawa moja haitoshi, na huchukua miezi kadhaa kujua kama tiba imefaa. Daktari hupima pia tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwani udhaifu wake huweza kuandamana na hali hii.

Kila dawa ina masharti yake. Atumiaye lithiamu hupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa kiasi kinachoponya na kinachodhuru vimekaribiana. Anywe maji ya kutosha, wala asipunguze chumvi ghafla. Kabla ya kununua dawa ya maumivu amweleze mfamasia, kwani ibuprofeni na diklofenaki huweza kuzidisha lithiamu mwilini. Akitetemeka sana, akitapika, akiharisha au akiyumba, awahi hospitali. Valproeti huweza kumdhuru mtoto tumboni; mwanamke anayeweza kushika mimba ashauriane na daktari mapema. Atumiaye lamotrijini akitokwa na vipele, amwone daktari siku hiyo hiyo.

Mgonjwa asiache dawa ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Na aandike kila siku kwenye kalenda saa alizolala, hali ya moyo wake na dawa alizomeza. Kwa kalenda hiyo daktari atautibu mwaka mzima, wala si siku moja.

Mgonjwa akitaja kujiua, asiachwe peke yake; apelekwe hospitali mara moja.