Madaftari Mawili, Mpaka Mmoja: Ushirikiano wa Kukusanya na Kupeana Takwimu za Nishati Katika Ukanda Wetu



Naomba nianzie Rusumo, pale Mto Kagera unapoanguka kati ya Tanzania na Rwanda. Kituo cha umeme kilichojengwa pale kina uwezo wa megawati 80, nacho ni cha nchi tatu: Burundi, Rwanda na Tanzania. Kila moja ina theluthi yake. Sasa wafikirieni maofisa watatu wa takwimu, mmoja Bujumbura, mmoja Kigali, mmoja Dodoma, kila mmoja na dodoso mezani lenye kisanduku cha uwezo wa mitambo ya maji. Wote ni waaminifu, na wote wanajua kwamba Rusumo ni ya nchi yao. Wakiandika wote 80, ukanda umejaliwa megawati 240 ambazo Kagera haijapata kuzitoa. Kila mmoja akimwachia mwenzake, kituo kinapotea vitabuni huku taa zinawaka.

Na hapohapo darajani, saa mbili usiku upande wa Tanzania ni saa moja usiku upande wa Rwanda. Kwa msafiri hilo ni jambo la kurekebisha saa ya mkononi tu. Kwa anayejumlisha mahitaji ya juu ya umeme ya nchi jirani, ni kosa la saa nzima, tena katika saa ileile ambayo watu wamerudi nyumbani, wamewasha taa na wanapika. Faida kubwa ya kuunganisha gridi ni kwamba vilele vya matumizi havifiki pamoja: mmoja akipumua, mwenzake anaazima. Ukichukua "saa mbili usiku" ya kila nchi ukaijumlisha kana kwamba ni dakika ileile, faida hiyo huioni tena kwenye hesabu, na unaweza kushauri kijengwe kituo ambacho hakihitajiki.

Haya ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo. Takwimu za ukanda hazipatikani kwa kukusanya namba za kila nchi na kuzipanga kwenye jedwali moja. Zinapatikana majirani wanapokaa pamoja na kulinganisha madaftari yao kabla ya kuyapeleka mbali.

Waya umetangulia

Kuuziana umeme si jambo geni kwetu. Kenya imenunua umeme wa Owen Falls, Jinja, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II imewagawia umeme Burundi, Rwanda na Kongo tangu mwaka 1989. Umoja wa gridi za Afrika Mashariki, EAPP, uliundwa mwaka 2005 na makao yake yako Addis Ababa. Lakini miaka ya karibuni mambo yamekwenda kasi. Novemba 2022 Kenya ilianza kupokea umeme wa Ethiopia, kuanzia megawati 200, kwa njia ya msongo wa kilovoti 500 yenye urefu wa kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Desemba 2024 njia ya kilovoti 400 kati ya Isinya na Singida iliwashwa, na gridi ya Tanzania ikashikana na ya Kenya.

Mtihani wa kwanza wa takwimu za ukanda ni rahisi kuueleza: alichoandika muuzaji kuwa ametoa kilingane na alichoandika mnunuzi kuwa amepokea. Mara nyingi havilingani. Na mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Chukueni hiyo njia ya Wolayta Sodo. Ukisoma mita kule mwanzo na ukisoma Suswa, kati yake kuna waya wa zaidi ya kilomita elfu moja na vituo viwili vya kubadili umeme, na sehemu ya umeme imegeuka joto njiani. Upotevu huo ni wa nani? Wasipoelewana, ama wote wawili watauandika, ama hakuna atakayeuandika. Jibu lolote linafaa, ilimradi liwe moja.

Halafu kuna mwaka wenyewe. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hufungua mwaka wa fedha Julai, Kongo hufuata Januari hadi Desemba. Ethiopia nayo ina kalenda yake: mwaka wao wa fedha wa 2016 ulianza Julai 2023 kwa hesabu yetu na kuisha Julai 2024. Niliwahi kukaa na kijana mmoja aliyekuwa akipanga jedwali la mauzo ya umeme, na safu nzima ya Ethiopia ilikuwa imeketi miaka saba nyuma ya wenzake. Alikuwa amenakili sawasawa, tarakimu kwa tarakimu. Hakuna aliyemwambia kwamba 2016 ile si 2016 yake, na dodoso halikuwa na mahali pa kuuliza.

Sasa gridi zimeungana kutoka Ethiopia hadi Tanzania kupitia Kenya, na linakuja swali zito zaidi, la umeme unaopita tu. Kanuni inayotumiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati inasema umeme ukivuka mpaka kuingia na ukavuka mpaka mwingine kutoka, nchi ya katikati iuandike mara mbili: umeingia, umetoka. Mafuta yanayopita hayaandikwi hivyo. Lori la dizeli linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi halihesabiwi kwenye uagizaji wa Tanzania, kwa sababu mafuta hayo ni ya wenyewe, Tanzania ni njia tu. Safari zinafanana, kanuni ni mbili. Ofisa asiyejua hilo atatumia kanuni moja kwa vyote, na atakuwa amefanya kazi yake kwa bidii.

Lita si lita

Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda kwa mafuta. Hapa mnajua wenyewe ugomvi wa madereva na wapokeaji: lori limejazwa bandarini kwenye joto la mchana, likafika Kigali kwenye baridi ya milimani, na lita zimepungua. Dereva anaitwa mwizi. Wizi upo, sikatai. Lakini petroli ikipoa kwa nyuzi 10 hupungua ujazo kwa takriban asilimia 1, na kwa lori la lita 35,000 hiyo ni zaidi ya lita 300 ambazo hazijaibwa na mtu yeyote. Uzito wake haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana takwimu za kimataifa za mafuta huandikwa kwa tani. Forodha zetu zikipeana lita tupu bila kutaja joto, tunapeana ugomvi.

Gunia la mkaa

Nimeliweka hili katikati kwa makusudi, kwa sababu semina nyingi hulisukuma mwisho na muda ukaisha. Umeme na mafuta vina mita na forodha. Nishati inayopika chakula cha watu wetu wengi, yaani kuni na mkaa, haina hata kimoja. Namba zake tunazipata kwa kuuliza kaya: mnatumia magunia mangapi kwa mwezi?

Gunia lipi? Nilisimama siku moja kando ya barabara kuu na mizani ya kuning'iniza, nikawaomba wauzaji wanipimie. Gunia lililoshonwa mdomo na gunia la lumbesa, lile linaloongezewa kilemba cha nyavu na majani juu hadi likawa na shingo na kichwa, yote mawili yanaitwa gunia moja. Yule mama aliyekuwa akiuza alinicheka: "Baba, hili ni gunia, na hili pia ni gunia, tofauti ni bei." Nilipotundika la pili, ndoano ilishuka hadi nikaogopa mizani itakatika. Na mjini kwenyewe wengi hawanunui gunia, wananunua kwa kopo na kwa ndoo. Kila nchi ya ukanda wetu ina gunia lake na inalizidisha kwa uzito iliouchagua yenyewe, kisha tunasema nchi fulani inatumia mkaa kuliko jirani yake. Huenda tofauti yote iko kwenye kilemba.

Kosa hilo halibaki kwenye mkaa. Tanuri la kienyeji humeza kilo tano, hata nane na zaidi, za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo kila kilo uliyokosea gunia inakosewa mara kadhaa msituni. Tanzania imejiwekea mkakati wa miaka 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema na nalitakia heri. Lakini mkaa unavuka mipaka kama bidhaa nyingine. Nchi moja ikizuia uchomaji na jirani akaendelea, vitabu vya nchi ya kwanza vitaonyesha ushindi huku msitu wa jirani ukiteketea. Jambo hili haliwezi kuonekana kwenye takwimu za nchi moja hata ziwe safi namna gani.

Kuhesabu waliounganishwa na umeme nako kuna lumbesa yake. Nyumba ya wapangaji sita yenye mita moja ya LUKU, ile ya kulipia kabla, ni mteja mmoja kwenye kompyuta ya shirika la umeme, na ni kaya sita zenye umeme kwenye sensa. Anayenunua tokeni Nairobi, Yaka Kampala au Cash Power Kigali anahesabiwa kwa namna hiyohiyo au kwa nyingine. Mkutano wa viongozi wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025 ulithibitisha lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Tukubaliane mapema kwamba tunahesabu watu, mita, au kaya.

Waliotutangulia

Mwishoni mwa miaka ya 1990 bei ya mafuta duniani ilipanda na kushuka vibaya, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba hakuna aliyekuwa na hakika mafuta mangapi yanachimbwa na mangapi yamo kwenye matangi. Mwaka 2001 mashirika sita yalianza kukusanya namba hizo kwa pamoja kila mwezi. Kati yake yalikuwamo OPEC, ya wauzaji, na Shirika la Kimataifa la Nishati, la wanunuzi wakubwa, watu ambao kwa bei hawaelewani. Mpango huo, unaoitwa JODI, sasa unaratibiwa kutoka Riyadh. Ninachokipenda kwao ni rangi: namba inayolinganishika vizuri hupewa buluu, inayotaka kusomwa pamoja na maelezo yake hupewa njano, na ambayo haijakaguliwa huachwa nyeupe. Kisanduku cheupe si aibu. Aibu ni namba ya kubuni iliyovaa koti la uhakika. Wala hatuhitaji kuanza kutunga maana za maneno: Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya takwimu za nishati mwaka 2011, na Tume ya Nishati ya Afrika iliyoko Algiers inakusanya kwa bara zima.

Tatizo letu ni mikono. Katika ofisi nyingi nilizopita, kazi hii iko kwa mtu mmoja au wawili. Mtu huyo wa Tanzania anaulizwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, anaulizwa na SADC, na Tume ya Algiers, na Umoja wa Mataifa kule New York, na Shirika la Kimataifa la Nishati kule Paris, kila mmoja kwa fomu yake na tarehe yake. Akihamishwa, faili linahama naye. Anayemdai namba kila mwaka hampigii simu kumwambia zilitumikaje. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimewaona watu hodari wakichoka na kuanza kunakili namba za mwaka uliopita wakiongeza asilimia kidogo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla ya kujaza fomu ya mtu yeyote mwaka huu, nchi mbili zinazopakana zikae meza moja siku mbili na jedwali la ukurasa mmoja: umeme uliovuka kwa mwezi, kwa mita ipi, kwa saa ya nchi gani, mafuta kwa tani, na uzito wa gunia la mkaa uliopimwa kwa mizani pande zote za mpaka. Pasipolingana paandikwe kwamba hapalingani, na sababu yake. Kenya na Tanzania waanze na Isinya na Singida. Rwanda, Burundi na Tanzania waanze na Rusumo. Walio humu ukumbini wanatosha kuanza, na simu za wenzenu mnazo. Naomba tusiondoke leo kabla kila jozi haijaandika tarehe.