Foki za Pikipiki: Pimeni Kabla ya Kukaza



Foki za mbele ndizo zishikazo gurudumu chini. Zikiharibika, gurudumu huruka kwenye mashimo, na gurudumu lililo hewani halishiki breki.

Msikimbilie spana. Inueni gurudumu la mbele, mfunge uzi kwenye bomba la foki, uguse sili. Shusheni pikipiki, mwenzenu aishike, mpande taratibu na mzigo wa kila siku. Kisha shukeni, inueni tena gurudumu, mpime toka sili hadi uzi. Foki yenye mwendo wa milimita 120 yafaa ishuke milimita 30 mpaka 40. Ikizidi, kazeni springi, ikipungua, legezeni, miguu yote miwili sawasawa.

Pikipiki nyingi za kazi hazina skrubu hiyo. Hapo fundi akague springi, abadili mafuta, kipimo kimoja kila mguu. Sili ikivuja, msiendelee na safari: mafuta yakifika kwenye breki, haishiki.

Tajiri akisema foki si kitu, mwonyesheni kipimo kilichoandikwa. Pikipiki ni yake, lakini mbavu ni zetu.