Nani Aziambiaye Njia?

Dominika ya Tano ya Kwaresima



Juma lililopita, hapa Usevya, mama mmoja alinisubiri mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Mwanawe mdogo ana selimundu. Wamerudi kutoka Dodoma, na vipimo vimeonyesha kwamba uloto wa kaka yake unalingana na wake. Mama akaniuliza: “Baba, wanasema chembe za kaka zitaingizwa mshipani kama damu ya kuongezewa. Lakini uloto umo ndani ya mfupa. Nani atakayeziambia njia?”

Sikuweza kumjibu siku ile. Nimewauliza wenye ujuzi, na leo namjibu mbele yenu nyote.

Uloto ni kile kitu laini kilichomo ndani ya mifupa, nacho ndicho kiwanda cha damu. Kwa mwenye selimundu, kiwanda hicho hutoa chembe nyekundu zinazojipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo yajapo maumivu makali. Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa huko Dodoma imewapandikizia watoto wa namna hii uloto wa ndugu zao. Kwanza, dawa kali huuondoa uloto wa zamani. Kisha chembe shina za ndugu, zile ziwezazo kuzaa damu yote, huingizwa mshipani.

Chembe hizo hupita moyoni na mapafuni, zikizunguka na damu. Lakini mfupa haukai kimya. Ndani yake hutoka kemikali iliyo kama mwito, na kila chembe shina ina kipokeo juu ya ngozi yake, mfano wa sikio. Ifikapo penye mwito, hupunguza mwendo, hubingirika ukutani mwa mshipa, hushika, kisha hujipenyeza na kuingia. Nyingine hupotelea kwenye mapafu, ini na wengu. Zinazofika hufika kwa saa chache, au siku moja hadi mbili. Na baada ya majuma mawili hadi manne, damu mpya huanza kuonekana.

Basi, mama, jibu ni hili: mfupa wenyewe huita, na chembe imeumbwa na sikio la kusikia. Muumba aliiweka njia hiyo kabla hatujawa na hospitali.

Lakini ndugu zangu, mwito huo hauwezi kuanza kazi mpaka mtu atoe. Kaka yule anaogopa, wala si dhambi kuogopa. Asilazimishwe, aelezwe taratibu kwamba uloto atakaoutoa utajijaza tena mwilini mwake baada ya majuma machache.

Nanyi makatekista, nawasihi. Komesheni vigangoni maneno ya kwamba mtoto huyu amelogwa. Selimundu hurithiwa kwa baba na kwa mama, wote wawili. Asilaumiwe mama peke yake. Tena kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Wengi hawatampata wa kuwatolea. Hao tusiwaache: wapimwe mapema, walale ndani ya chandarua, wanywe maji ya kutosha, wasikose kliniki, na jumuiya ndogondogo ichangie nauli.

Nabii Ezekieli, tuliyemsikia leo, alionyeshwa bonde la mifupa mikavu, akaulizwa kama yaweza kuishi tena. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alimwachia Mungu ajuaye. Nami sikumwahidi mama yule kwamba mtoto atapona, kwa maana tiba hii ina hatari zake. Nilimwahidi kwamba siku watakapopanda basi, hawatasafiri peke yao. Ahadi hiyo nimeitoa kwa niaba yenu. Msiniaibishe.

Mungu awabariki. Amina.