Ghala la Chuo Kikuu na Nakala ya Tasnifu

Mwanafunzi wa chuo kikuu, awe London au Muscat, siku hizi habebi tasnifu yake mkobani. Huiweka katika seva ya chuo, au katika ghala la kampuni fulani lifikiwalo kwa intaneti. Ni wepesi mkubwa, lakini ghala hilo ni la nani?

Kwa miaka mingi kampuni ya Google ilivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo, tena bure. Februari 2021 ikatangaza kwamba, kuanzia Julai 2022, kila taasisi itapewa terabaiti 100, wagawane walimu na wanafunzi wote. Vyuo vingi vikawawekea watu wao mipaka, wakiwamo waliokwisha kuhitimu.

Seva ya chuo chenyewe nayo si ngome. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, hitilafu ya programu ilifuta faili zipatazo milioni 34, takriban terabaiti 77, katika muda usiotimia siku mbili. Vikundi 14 vya watafiti viliathirika, na kazi ya vinne haikuweza kurejeshwa. Nayo ilikuwa, ajabu ya mambo, programu ya kutunza nakala za akiba!

Basi wewe unayekaribia kuhitimu, iulize ofisi ya kompyuta ya chuo chako: akaunti yangu itafungwa tarehe gani? Faili iliyofutwa hubaki siku ngapi kabla ya kupotea kabisa? Na kabla ya jibu kufika, nakili tasnifu hiyo katika diski iliyo mikononi mwako.