DVD ya Harusi Isiyocheza Nyumbani



Miongoni mwa malalamiko tunayoyapokea, lipo moja linalojirudia kila msimu wa harusi unapokwisha. Familia imemlipa mpiga video, imekabidhiwa DVD, na ofisini kwake diski imecheza kwenye kompyuta bila tatizo. Nyumbani, mbele ya wazee waliokusanyika kutazama, deki inaizungusha kidogo kisha inaandika kwamba haiitambui. Familia humlaumu fundi, fundi huilaumu deki. Mara nyingi deki ni nzima na diski yenyewe ni nzima. Kasoro ipo katika namna ilivyochomwa.

Deki ya kawaida hutafuta ndani ya diski kabrasha liitwalo VIDEO_TS, lenye picha zilizobanwa kwa mfumo wa MPEG-2. Anayenakili faili ya MP4 moja kwa moja kwenye diski ametengeneza ghala la mafaili, hakutengeneza DVD ya video. Kompyuta italifungua ghala hilo. Deki nyingi, hasa za zamani, zitalikataa. Basi katika programu ya kuchomea ichaguliwe DVD-Video, wala si data. Msikilizaji akiondoka hapa na jambo moja tu, tungependa liwe hili.

Kisha diski ifungwe. Baada ya kurekodi, mashine hutakiwa kukamilisha orodha ya yaliyomo. Hatua hiyo ikirukwa, huenda diski isisomeke popote ila kwenye mashine iliyoirekodi. Wenye kamera zinazorekodi kwenye diski ndogo huisahau sana.

Kuhusu aina, DVD-R ndiyo chaguo salama kwa deki za zamani. Zile za kufutwa na kurudiwa, yaani RW, huakisi mwanga hafifu wa leza, na zenye tabaka mbili huleta taabu vilevile, tunashauri ziachwe. Diski ya tabaka moja ina GB 4.7, ambazo kompyuta nyingi huzionyesha kama 4.37, na hutosha takriban saa mbili za picha nzuri. Sherehe ya saa sita ikibanwa humo, hata bibi harusi hatatambulika. Heri kulipia diski tatu. Kasi ya kuchoma iwe ya wastani, mara 4 hadi 8. Kasi kubwa humfaa fundi mwenye foleni. Na picha iwe ya mfumo wa PAL, uliozoeleka kwetu, wenye mistari 576.

Karatasi yenye sura za maharusi iliyobandikwa juu ya diski hupendeza, lakini huweza kuivuruga inapozunguka, na ikibanduka hukwama ndani ya deki.

Kabla ya kumalizia malipo, mteja aombe diski ichezwe mbele yake kwenye deki, si kompyuta, na ikiwezekana kwenye deki mbili tofauti, tangu mwanzo hadi sehemu za mwisho. Makubaliano yaandikwe: idadi ya nakala, kwamba ni DVD-Video iliyofungwa, na kwamba isiyocheza itachomwa upya bila malipo. Aombe pia mafaili ya asili kwenye flashi, na ayapate mapema, kwani kompyuta ya fundi ikijaa, harusi za zamani ndizo hufutwa kwanza.