Tusiwatwishe Watoto Mzigo wa Ukame

(Hotuba iliyotolewa kwa walimu wa chekechea na walezi wa vituo vya watoto wadogo, Hombolo, Dodoma)

  

 Mada niliyopewa ni ndefu: kumwandaa mwalimu wa mtoto mdogo kufundisha mabadiliko ya tabianchi na utunzaji wa mazingira. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nitaifupisha. Nitazungumzia tumwambie nini mtoto wa miaka mitano, na zaidi ya hapo, tusimwambie nini.

Naanza na hilo la pili. Katika vituo vingi somo la mazingira hufundishwa kwa wimbo. Wimbo ni chombo kizuri, nami sina ugomvi nao. Lakini tusikilize maneno ya baadhi ya nyimbo hizo. Anayekata mti ni adui. Mchoma mkaa amefukuza mvua. Wazazi wetu wameharibu nchi. Watoto huimba kwa furaha na wageni hupiga makofi. Sasa mfikirieni mtoto aliye mstari wa mbele, ambaye mama yake jana jioni ameuza magunia mawili ya mkaa kando ya barabara, na kwa fedha hiyo amelipa mchango wa uji wa hapa hapa kituoni. Tumemfundisha nini mtoto huyo? Tumemfundisha kwamba mama yake ndiye aliyeleta njaa. Mtoto wa umri ule hawezi kubishana na mwalimu. Hulichukua neno lote kama lilivyo, akalipeleka nyumbani au akalificha moyoni.

Tena, kwa namna tunavyolisema, jambo lenyewe si kweli. Hapa naomba tutulie kidogo, maana mwalimu asiyeelewa vizuri atafundisha hofu badala ya maarifa. Tumezoea kuchanganya mambo matatu katika chungu kimoja.

Jambo la kwanza ni kwamba ukame wa Ugogo ni wa zamani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wastani wake ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi hukatika katikati ya msimu, mtama ukiwa bado haujabeba. Wazee wetu walisimuliwa habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Mvua zilikosekana, ni kweli. Lakini kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka za watu, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi. Ukame ulipofika ulikuta vihenge vitupu na mazizi matupu. Wakati huo hapakuwa na mji wa Dodoma wa kula maelfu ya magunia ya mkaa. Kwa hiyo mtoto asiambiwe kwamba zamani mvua zilinyesha bila shida mpaka baba yake aliposhika shoka.

Jambo la pili ni kuongezeka kwa joto la dunia. Hili ni jipya, nalo linaongezwa juu ya lile la zamani. Hewa inayoizunguka dunia ina gesi zinazozuia joto lisitoroke lote usiku, mfano wa blanketi. Bila blanketi hilo tungeganda kwa baridi. Ila tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa ya mawe, na baadaye mafuta na gesi, blanketi limekuwa zito. Hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa imepita 420. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2021 kwamba shughuli za binadamu zimeongeza joto la dunia kwa takriban nyuzi 1.1. Dunia yenye joto zaidi hukausha udongo upesi, na mvua inaponyesha huweza kushuka kwa nguvu zaidi. Hewa hiyo imetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka katika nchi tajiri zenye viwanda. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda. Ni kweli ukataji wa misitu nao huongeza hewa hiyo, na kwa nchi kama yetu ni sehemu isiyo ndogo. Lakini kumweka mama wa Hombolo na magunia yake mawili mbele ya watoto kama mshtakiwa wa tabianchi ya dunia ni kumsingizia.

Jambo la tatu ni madhara ya hapa hapa, na hapa sisi tunahusika moja kwa moja. Ardhi ikiachwa uchi, mvua ya kwanza ya Desemba huondoka na udongo. Bwawa letu la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 kwenye mto Kinyasungwe Ndogo, na kila mkazi wa hapa anajua jinsi matope yanavyolipunguza kina. Bwawa la Ikowa, huko Chamwino, lilichunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakaona jinsi linavyojaa mchanga na matope. Serikali ililiona tatizo hili kuwa zito hata ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa yote katika vilima vya Kondoa. Majani na miti ilirudi. Ila wenye ng'ombe waliambiwa waondoe ng'ombe, na maumivu yake yanakumbukwa. Nalitaja hilo kwa sababu nasi katika somo letu dogo tunaweza kurudia jambo lile lile, yaani kuitetea ardhi tukawasahau watu wanaoishi juu yake.

Mnakumbuka katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana Yesu hakulikubali swali lao. Aligeukia kazi ya kufanya, akatumia udongo, na yule mtu akaona. Mimi sioni mwongozo ulio bora kuliko huo kwa mwalimu wa mazingira. Aache kumtafuta mwenye kosa, ashike udongo.

Sasa tushike udongo. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka kutunza mazingira kuwa moja ya umahiri ambao mtoto anapaswa kuujenga, kwa hiyo hatubuni somo jipya. Tatizo ni kwamba vifaa na picha tunazopewa huonyesha mambo ya mbali. Theluji ya Kilimanjaro inapungua, kweli, lakini mtoto wa Hombolo hajaiona theluji, wala dubu wa barafuni si jirani yake. Alichokiona ni korongo linalopanuka nyuma ya nyumba yao. Tuanzie hapo.

Chukueni madumu mawili ya lita 5, myakate ubavu. La kwanza tieni udongo mtupu, la pili bonge la udongo lenye majani na mizizi yake. Yainamisheni juu ya jiwe, kila moja na glasi yake mbele ya mdomo. Kisha mtoto amwagilie kwa kopo lenye matundu. Tumieni maji yaliyokwisha kunawiwa. Hatuwezi kufundisha utunzaji wa maji kwa kumwaga maji ya kunywa. Glasi moja itajaa uji wa udongo, nyingine itapata maji machache na yaliyo safi zaidi. Mwalimu anyamaze hapo! Jambo gumu kuliko yote katika kazi yetu ni kunyamaza. Waacheni waseme wenyewe, hata kwa Kigogo. Kiswahili cha darasani kitafuata. Mtoto anayejua majina ya miti na mboga za mlenda kwa lugha ya bibi yake tayari ana elimu ya mazingira, wala asifanywe ajione hajui kitu.

Baadaye waulizeni maji ya mto wetu huenda wapi. Kinyasungwe huungana na Mkondoa, hupita Kilosa, huingia Wami, na kuishia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Mwaka 2009 ulipokuwa ukiisha, Kilosa ilipata mafuriko makubwa. Hakuna haja ya kumtisha mtoto kwa habari hiyo, lakini ni vizuri ajue kwamba maji yanayopita hapa yana watu mbele yake.

La pili ni kupima mvua. Chupa ya plastiki iliyonyooka ubavu ikatwe juu, chini itiwe kokoto, kisha maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri. Kila siku ya mvua mtoto mmoja anasoma kipimo, na wote wanabandika punje ya mahindi kwenye kalenda ya ukutani. Ninyi walimu fanyeni hesabu ya ziada. Milimita 1 ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita 1. Paa la bati la darasa la meta 8 kwa 6 lina meta za mraba 48. Mwaka wa milimita 550 paa hilo hupokea lita 26,400. Tukipoteza hata moja ya tano, zinabaki zaidi ya lita 21,000. Wapelekeeni kamati ya kituo hesabu hiyo siku mnapoomba mfereji wa bati na tangi. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa.

La tatu nalipenda zaidi, nalo ni kisiki hai. Tumezoea kupanda miche siku ya sherehe, mgeni rasmi anapigwa picha, na ikifika Agosti miche yote imekauka au imeliwa na mbuzi. Wakati huo huo, katika mashamba na viwanja vyetu kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani ambavyo mizizi yake ingali hai chini kabisa. Haihitaji kumwagiliwa. Njia hii ilienezwa huko Maradi, Niger, na Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa mmisionari, kuanzia mwaka 1983, baada ya kuona kwamba miche mingi aliyopanda ilikufa. Leo inatajwa kwamba zaidi ya hekta milioni 5 za Niger zimerudisha miti kwa namna hiyo. Hapa mkoani kwetu LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wamekuwa wakiihimiza tangu mwaka 2018.

Hatua zake ni nne, na mtoto anaweza kushiriki. Kwanza kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu. Pili kupogoa yaliyobaki. Hii ni kazi ya mtu mzima, kisu kisishikwe na mtoto. Tatu kufunga kitambaa cha rangi kama alama. Nne kulinda. Kila mtoto apewe kisiki chake, akipe jina, ahesabu majani yake Jumatatu. Na hapa narudi kwa mama yule wa mkaa. Mwiteni. Mwombeni awaonyeshe watoto ni miti gani huchipua upesi ikikatwa na ipi haichipui. Yeye anajua kuliko mimi na kuliko kitabu chochote, maana ndiyo kazi yake. Mtoto wake atamwona mama yake akiwa mwalimu. Mwenyewe huenda akaanza kuchagua anachokata. Siwaahidi kwamba ataacha mkaa; ataacha siku atakapopata riziki nyingine, na wanunuzi wa mjini watakapopata nishati nyingine ya bei wanayoiweza. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hilo ni la wakubwa, tuwaachie wakubwa na kuwadai.

Neno fupi kuhusu joto. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wetu, naye hasemi mapema kwamba ana kiu. Darasa la bati lisilo na dari, saa sita mchana mwezi wa Oktoba, si mahali pa kumweka. Masomo ya ndani yawe asubuhi, mchana wawe kivulini, na maji ya kunywa yapitishwe kwa zamu bila kungoja waombe. Kituo kisicho na mti wa kivuli kianze na mwarobaini mmoja na uzio wa miiba.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Kesho saa moja na nusu asubuhi, kabla ya jua kali, tutatembea hadi kando ya bwawa, kisha tutaingia shambani kutafuta visiki. Kila mwalimu aje na chupa moja tupu, dumu la lita 5 na kitambaa chekundu. Visu tutavipata kwa wenyeji.